Rimu Walizoziita Sufuria

Walisema sitaweza kufungua nati bila kuiharibu. Walisema nitarudi kutoka Kenya na kiatu kimoja, tena cha kuazima. Baba yangu mdogo, Mzee Gesabo, alitangaza kwenye kilabu cha pombe, watu wazima wakisikia, kwamba siku Marwa akipata stashahada, yeye atabeba mimba ya mapacha. Nilirudi kijijini Genkuru na viatu viwili na stashahada ya ufundi wa magari yenye mhuri, nikaitundika ukutani katika banda langu la bati kando ya barabara. Baba mdogo alikuja, akaisoma yote kwa kidole, kisha akauliza kama ni ya kweli. Hao mapacha sijawaona mpaka leo.

Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaojifunza ufundi hapa Tarime, na wenzenu wa Mugumu na Sirari. Msidhani ni kwa kupenda kujisifu. Napenda, sikatai, lakini sababu ni nyingine. Sababu ni kijana aliyekuja kwangu juzi na gari dogo jekundu.

"Shikamoo, babu. Gari limekuwa zito. Halivuti. Nadhani ni injini."

"Marahaba. Hizo rimu zilikuja na gari?"

"Hapana, babu. Nimeweka mwezi uliopita. Ni za spoti."

"Na uzito ulianza lini?"

Akafikiri. Akatazama mbinguni kama aliyeulizwa siku ya kiyama. "Mwezi uliopita," akasema.

Nilihitaji kukaa. Amelivua gari magurudumu madogo liliyozaliwa nayo, akalivalisha masinia ya harusi, halafu anataka nifungue injini!

"Lakini hizi ni nyepesi, babu. Ni aluminiamu."

"Ulizipima?"

"Zinang'aa."

Basi. Nimestaafu, magoti yananiuma, na bado natakiwa kueleza kwamba kung'aa hakupimwi kwa kilo. Aluminiamu ikiwa kubwa na nene inaweza kuwa nzito kuliko chuma chembamba. Usiulize rimu imetengenezwa na nini kabla hujaiweka kwenye mizani. Na mizani ipo kila penye duka la mahindi, kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia kwamba vifaa hakuna.

Aliyenifundisha jambo hili hakuwa na stashahada. Alikuwa Mzee Odhiambo, msimamizi wa gereji moja ya Nakuru iliyotengeneza magari ya mashindano. Mimi nilikuwa mwosha magari pale, mchunga ng'ombe wa juzi, nikisoma jioni kwa fedha ya sabuni. Siku moja aliinua gari kwa jeki, akafunga upande mmoja gurudumu la chuma na upande wa pili la aluminiamu.

"Zungusha kwa nguvu, wewe wa Tarime. Halafu simamisha kwa kiganja."

La chuma lilinichubua kiganja. Lile jingine lilisimama kama mbuzi aliyeitwa jina.

"Sasa umekuwa breki," akasema. "Umeona taabu anayopata breki?"

Huo ndio msingi, na wengi wenu hamna. Mzigo uliolala kwenye bodi unausukuma mbele tu. Uzito wa gurudumu unausukuma mbele na hapo hapo unauzungusha, na ukitaka kusimama unaukatisha safari zote mbili. Tena bodi imekaa juu ya springi, lakini gurudumu limekaa chini yake, peke yake na mawe. Likirushwa na jiwe, gurudumu zito linapaa na linachelewa kurudi. Muda wote likiwa hewani, haliongozi, halivuti wala halishiki breki. Shokamzoba ndiye anayelirudisha chini, na akilirudisha mara elfu kila safari, anakufa.

Kama bado hamjaelewa, chukueni viatu vya mbao vya wachezaji wetu wa ngoma, vile vizito. Mwambieni mtu avibebe kichwani akimbie mpaka mtoni. Atafika. Kisha mwambieni avivae miguuni akimbie njia ile ile. Viatu ni vile vile, mtu ni yule yule. Mtamkuta njiani amekaa.

Nilidhani nikieleza hivyo kwa Wakurya wenzangu mambo yatakwisha. Nilikuwa kijana.

Kijiji chetu kilikuwa na pikapu. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, pikapu ya kijiji ilikuwa mali ya kila mtu, maana yake kila mtu alikuwa fundi wake. Barabara ya kupanda kutoka kijijini, upande wa mto Mara, kuelekea Tarime mjini ilikuwa mawe matupu, na pale ambapo hapakuwa na mawe udongo ulikuwa umejikunja kama bati. Rimu zilikuwa zinapinda. Rimu ya chuma ikipinda, unaigonga kwa nyundo, inanyooka, unaendelea. Hilo ndilo jema lake. Lakini kamati ya kijiji ilichoka kugonga, ikakaa kikao, ikaja na dawa.

Walichukua vyuma vya majembe ya kukokotwa na ng'ombe yaliyokwisha, wakavikata vipande, wakavipeleka kuchomelewa ndani ya rimu zote nne. Tyubu zilikuwa haba, kwa hiyo tairi mbili za nyuma walizishindilia majani makavu na matambara mpaka zikawa ngumu kama gogo. Walipomaliza walisimama wakaliangalia gari kama wanavyoangalia fahali aliyenona. Dereva wa kijiji, Mwita, mtu mwenye shingo nene na maneno mengi, alipiga gurudumu teke, akatumia neno letu la Kikurya la kumwita kijana.

"Mura, hili sasa halipindi!"

Kweli halikupinda. Halikupanda pia. Pikapu iliyokuwa ikibeba magunia manane ya mahindi ilianza kushindwa na matano. Kwenye kona ya juu magurudumu yalirukaruka yakizunguka bure, na watu kumi walishuka kusukuma. Kuteremka kulikuwa kubaya zaidi. Mwita alianza kukanyaga breki mapema mno, na bado alifika chini akiomba Mungu kwa sauti. Shokamzoba zilikufa zote. Kamati ikasema injini imezeeka.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Nyamhanga, nikamwambia ukweli. Alikuwa mtu mpole wa kusema na mgumu wa kubadilika.

"Ndugu Marwa," akasema, "unataka kusema kijiji kizima kimekosea, ila wewe?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo tena."

Hakucheka. Badala yake akaanza kulizungumzia banda langu. Mahindi ya kijiji yalikuwa darasani, na darasa lilikuwa linavuja. Banda langu halikuvuja. Mvua zilikuwa karibu. Na iweje, katika kijiji cha ujamaa, mtu mmoja akalie bati ishirini na nne na mahindi ya watu yaoze? Kama pikapu ingeweza kuyapeleka mahindi kwenye ghala la Tarime mjini kabla ya mvua, sawa. Isipoweza, yangeingia bandani kwangu, na mimi nikatafute mti wa kufanyia ufundi.

Nilijenga banda lile kwa mikono yangu. Kila bati niliivusha mpakani Sirari begani. Nikajikuta nimesimama kwenye mkutano wa kijiji nikisema maneno ambayo mtu mwenye akili angeyafikiria kwanza: "Nipeni wiki moja. Magunia manane, mpaka juu, hakuna mtu kusukuma."

"Likipanda, banda lako," akasema mwenyekiti. "Lisipopanda, Jumatatu mahindi yanaingia."

Nilisema vile kwa sababu nilikuwa na kitu ndani ya gunia. Gari moja la mashindano lilipinduka kule Nakuru likawa chapati, na tajiri wa gereji akaniambia nichukue kilichosalia. Nilichukua rimu zake nne za aluminiamu, pamoja na bolti ndefu na nati zake zenye vibati vipana vya washa. Siku navuka mpaka, askari wa forodha alifungua gunia akanipongeza kwa kuoa. Alidhani ni vyombo vya bibi harusi. Genkuru hawakuwa bora kuliko yeye. Nilipozitoa nje kuzisafisha, Mwita aliita watu.

"Njooni muone! Fundi mwenye stashahada anataka kulivalisha gari sufuria! Mura, tuletee na mwiko!"

"Uji utaiva tukifika kona ya pili," mwingine akajibu.

Nilivumilia kejeli zao siku mbili. Siku ya tatu nilibeba gurudumu la kijiji, lenye jembe na majani yake, nikalipeleka kwenye mizani ya mahindi. Karani akasoma: kilo thelathini na nne. Nikaweka rimu yangu na tairi: kumi na tatu. Karani akaipiga mizani kofi, akadhani imekufa. Akapima tena. Kumi na tatu.

"Kwa hiyo lako ni dhaifu," akasema Mwita.

Nawaulizeni vijana, mtu kama huyo unamjibu nini?

Tatizo langu halikuwa Mwita. Tatizo lilikuwa tairi. Zile za kijiji za nyuma zilikuwa zimechanika kwa ndani kwa sababu ya majani, za mbele zilikuwa zimekwisha kwa mawe, na tairi mpya zilipatikana kwa barua ya wilaya, miezi na miezi. Tairi niliyoipimia kwenye mizani niliiazima kwa saa moja tu. Ikabidi nitembee mlango kwa mlango, mimi, mwenye stashahada, kuomba.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Wambura, alikuwa na gari la ukubwa ule ule lililokaa juu ya mawe tangu petroli iadimike. Nilimwomba tairi nne. Alinipa mbili na tyubu zake.

"Hizo nyingine zinabaki," akasema, "ili wewe ukumbuke kurudi."

Katekista alinipa pampu ya mguu, akanihesabia mara ambazo nilipaswa kuipaka mafuta. Tairi mbili za mwisho zilikuwa kwa Mama Bhoke. Huyu alikuwa mjane mwenye shamba kubwa la mahindi na mkokoteni wa ng'ombe uliotengenezwa kwa ekseli ya gari bovu, na mkokoteni ule ndio uliomtolea mazao shambani. Nilimkuta anapura.

"Nikikupa, mimi nabeba kwa kitu gani?"

"Ni wiki moja, mama."

"Wiki ya fundi naijua." Akaendelea kupiga mahindi fimbo. Kisha akauliza, "Ni kweli wanataka banda lako?"

"Ni kweli."

"Kafungue mwenyewe. Lakini mkono wako usiniharibie nati."

Ngojeni kidogo hapa niwaambie kosa langu, kwa maana mtu asiye na kosa la kusimulia hajashika spana. Nikiwa Nakuru, mwezi wangu wa kwanza wa kuruhusiwa kufunga magurudumu, nilichomeka bomba refu kwenye spana nikakaza nati za rimu ya aluminiamu kwa uzito wa mwili wote. Nilisikia mlio mdogo kama wa kijiti. Nilikuwa nimeipasua kwenye tundu la bolti. Kuficha kosa, nikajaribu kuigonga ifunge ufa. Mzee Odhiambo alisimama nyuma yangu mpaka nilipochoka, akasema, "Umeua. Sasa zika." Aluminiamu haipindi ikasubiri nyundo kama chuma. Ikishindwa, inapasuka. Kwa hiyo haikazwi kwa hasira: unakaza kwa mkono, nati moja na ile iliyo mkabala nayo, unatembea mwendo mfupi, unasimama, unakaza tena, kwa sababu ikishapata joto na mtikisiko inakaa upya mahali pake. Msiposhika kitu kingine katika maneno yangu yote, shikeni hicho.

Siku ya mlima ilikuwa Jumamosi. Magunia manane yalipakiwa, mwenyekiti akayahesabu, kisha akayahesabu tena. Nusu ya kijiji ilitangulia juu kwa miguu ili wasikose kucheka. Mwita aliendesha, mimi nikakaa kando yake. Tulipofika mwanzo wa mlima nikamwambia asimame.

"Tumeshindwa?" akauliza, na naapa alifurahi.

Nikashuka na spana. Mwita akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti kwa wale waliokuwa juu: "Sufuria zinafunguka!" Vicheko vikateremka mlimani kama mawe. Nati tatu zilikubali robo mzunguko. Tatu! Tungeendelea hivyo, gurudumu lingefika mtoni kabla yetu. Nikakaza, nikapanda, nikamwambia, "Giya ya pili. Usikanyage kwa fujo."

Gari lilipanda. Kwenye ule udongo uliojikunja kama bati Mwita alishika usukani kwa nguvu zote, akingoja ule mtikisiko wa kung'oa meno, na haukuja. Magurudumu yalipita juu ya mikunjo yakigusa chini, yakigusa chini. Niliona mikono yake inalegea yenyewe. Kwa Mwita hiyo ilikuwa hotuba.

Tukafika kona ya juu, ile mbaya, na ng'ombe wakaijaza barabara.

Walikuwa wanateremka kunywa maji, kundi zima, na mwenyewe nyuma yao akitembea kama mtu anayemsubiri mkwewe. Mwita akakanyaga breki. Gari lilisimama pale pale, likainamisha pua kidogo na kutulia. Lakini lilikuwa limesimama mahali ambapo hakuna gari la kijiji lililowahi kusimama likaondoka tena bila watu kumi. Wale waliokuwa juu walianza kuteremka wakikunja mikono ya mashati, tayari kusukuma. Mwenyekiti alikuwa mbele yao.

"Asiguse mtu!" nikapiga kelele.

"Marwa, litarudi nyuma," akasema Mwita. Alikuwa ameacha utani. "Nishuke niweke jiwe?"

"Kaa. Giya ya kwanza. Achia taratibu."

Ng'ombe wa mwisho alipita akatukodolea macho. Mwita akaachia klachi. Gari likatetemeka, likateleza nyuma upana wa kiganja, nikahisi bati zangu ishirini na nne zikibomolewa moja moja. Halafu tairi zikauma. Hazikuruka, hazikuzunguka bure. Zikauma udongo, na pikapu ikaondoka na magunia yake manane kama mzee anayeinuka kitini bila kushikwa mkono.

"Mura," akasema Mwita kwa sauti ndogo. "Limekubali."

Sasa, kwa kuwa mimi ni msomi na si mwongo, nawaambia kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na kuondoa ule upuuzi wa majembe na majani. Rimu tupu za chuma, bila kuongezwa kitu, pengine zingefika juu kwa kuhangaika. Nilimwambia mwenyekiti hivyo. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyejinunulia shuka kisha akalitoboa. Watu wakipata muujiza hawataki kuelezwa. Kesho yake walikuja vijana watatu kuuliza kama naweza kuwayeyushia sufuria za mama zao.

Hata ushindi nao ulinichosha. Jumatatu mwenyekiti alikuja bandani. "Banda ni lako," akasema. "Lakini kijiji kimeamua magurudumu yabaki kwenye gari. Ni mali ya kijiji sasa."

"Rimu ni zangu, mzee."

"Na gari lisipopanda, mahindi yatakwenda wapi?"

Nilijua mahindi yangekwenda wapi. Nikamwambia: rimu chukueni, lakini nataka karatasi ya banda, yenye mhuri wa kijiji, leo. Na tairi siwezi kuzitoa, maana si zangu. Kijiji kiandike barua ya tairi nne wilayani, leo pia. Akaandika zote mbili palepale, juu ya boneti. Nilizipenda rimu zile. Mwaka uliofuata Mwita aligonga jiwe kubwa karibu na Kerende, akapasua moja, akaigonga kwa nyundo mpaka ikawa vipande viwili, kisha akaniletea vyote viwili akauliza kipi nianze nacho.

Barua ilichukua wiki tano. Wiki tano mahindi ya kijiji yalipanda mlima yote, na wiki tano Mama Bhoke alibeba yake kichwani. Alipita mbele ya banda langu kila asubuhi na debe lake.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo zako zimejaa nyumbani. Nataka tairi."

Tairi za kijiji zilipofika sikungoja hata chai. Nilibadilisha zote nne asubuhi, nikaanza mzunguko wa kurudisha vitu vya watu. Pampu nilimrudishia katekista, akaikagua akasema nimeipaka mafuta mara moja zaidi. Tairi za Mwalimu Wambura nilizifunga kwenye gari lake lililokaa juu ya mawe, naye akasimama juu yangu akisisitiza nizijaze upepo sawasawa, gari lisiloenda popote.

Kwa Mama Bhoke nilizivingirisha mbili pamoja, moja kila mkono. Nilizifunga kwenye mkokoteni, nati kwa mkono, moja na ya mkabala. Akainama akapitisha kidole ndani ya mikato ya tairi.

"Zimeisha kidogo."

"Zimepandisha mahindi ya watu wote, mama."

"Yangu hazikupandisha." Akamfunga ng'ombe wa kwanza nira. "Na umeongeza nini?"

Nikamfunga ng'ombe wa pili, nikasukuma mkokoteni nyuma, nikapakia magunia yake yote yaliyokuwa shambani, safari tatu, mpaka jua likainama. Safari ya tatu alinipa kibuyu cha maziwa ya mgando bila kunitazama. "Sasa tumemalizana, fundi," akasema.

Nilirudi bandani. Karatasi yenye mhuri ilikuwa mfukoni. Sakafuni, mahali zilipolala tairi za watu asubuhi ile, palikuwa na alama nne za duara kwenye vumbi. Nikachukua ufagio.